Kabla Zege Halijafunika: Jinsi Injinia na Mafundi Wanavyoweza Kujenga Pamoja

Kwenye saiti nyingi za Arusha, injinia na mafundi hukutana mara mbili: siku ya kupima msingi, na siku injinia anapokuja kukuta kitu kimeshakosewa. Katikati hapo kila mtu yuko kivyake. Injinia anaamini ramani inajieleza yenyewe. Fundi anaamini injinia hajawahi kushika karai. Mwenye nyumba yuko kazini kwake, anatuma hela kwa simu na kuuliza, "Mmefika wapi?"

Mwongozo huu unahusu nyumba ya ghorofa moja hadi tatu, ya kuishi au ya biashara, kama zinazoinuka kila siku Njiro, Moshono na Sakina, au kule Moshi upande wa Soweto na Rau. Wazo linaloubeba ni moja tu: ujenzi ni mfululizo wa kufunika. Udongo unafunika msingi, zege linafunika nondo, lipu inafunika mabomba. Kilichokwisha kufunikwa hakirekebishwi ila kwa nyundo na hela. Kwa hiyo injinia na mafundi wakutane kabla ya kila kufunika, si baada yake.

Kabla ya lolote: karatasi

Hapa sitakaa sana. Hakikisha kibali cha ujenzi kimetoka halmashauri, iwe Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi, na ramani zilizopitishwa ndizo hizo hizo zilizopo saiti. Injinia awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), mkandarasi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), na msanifu wa majengo na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB). Saiti nayo ni mahali pa kazi, kwa hiyo OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, inakuhusu. Wapo wanaoona haya ni usumbufu wa serikali. Jengo la Kariakoo lilipoanguka tarehe 16 Novemba 2024, mazungumzo ya nchi nzima yalirudi hapo hapo: nani aliruhusu, nani alisimamia?

Hatua ya 1: Someni ramani pamoja, fundi ndiye aeleze

Wiki moja kabla ya kuchimba, kaeni chini. Wawepo injinia, fomani, fundi nondo, seremala wa fomu (mbao zinazoshikilia zege likiwa bado bichi), fundi bomba, fundi umeme, na mwenye nyumba kama yupo. Msiwaache fundi bomba na fundi umeme eti zamu yao bado. Wao ndio watakaokuja baadaye kutoboa bimu, mihimili ya zege inayobeba mzigo.

Injinia asihutubie. Atandike ramani mezani, kisha amwambie fundi nondo: "Nieleze hii slebu utaifungaje," yaani bamba la zege la sakafu ya ghorofa. Hapo ndipo mambo hujitokeza. Chukua maandishi ya kawaida kama T12-150-T. Herufi T ya mwanzo ni aina ya nondo, 12 ni unene wake kwa milimita, 150 ni umbali kutoka nondo moja hadi nyingine, na T ya mwisho inamaanisha upande wa juu wa slebu. Ingekuwa B, ni upande wa chini. Fundi mwenye miaka ishirini kazini anaweza kufunga nondo safi kabisa na bado hajawahi kuelezwa tofauti ya T ya mwanzo na T ya mwisho, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kisha kuna vipimo. Injinia anaandika milimita, fundi anapima kwa inchi na futi. Milimita 150 ni karibu inchi 6, milimita 200 ni karibu inchi 8, milimita 225 ni karibu inchi 9. Andikeni hizo kwa maka pen kwenye kipande cha plaiwudi na mkipigilie ukutani kwa stoo. Si jambo dogo. Slebu yenye upana wa mita 4 ikifungwa kila baada ya milimita 150 inakula nondo kama 28. Ikifungwa kila baada ya milimita 200 zinaingia 21. Kwa macho ya anayepita barabarani zote zinaonekana zimejaa nondo tu, lakini robo ya chuma imebaki dukani.

Kila swali lililokosa jibu siku hiyo liandikwe, na injinia alete jibu kwa maandishi kabla kazi hiyo haijaanza.

Hatua ya 2: Kubalianeni nani anaamua nini

Ugomvi mwingi wa saiti hauletwi na ujeuri. Unatokana na fomani kufanya uamuzi ambao hakujua si wake, au kusubiri siku mbili kwa jambo ambalo angeliamua mwenyewe. Tengenezeni orodha fupi. Fomani aamue mpangilio wa watu, zamu, mahali pa kumwaga mchanga, wapi mirunda (nguzo za muda zinazobeba fomu) ianzie. Injinia apigiwe simu kabla ya kubadili unene wa nondo, kusogeza nguzo, kukata nondo ili bomba lipite, kuongeza mlango au dirisha penye ukuta unaobeba, au kusimamisha zege katikati. Mwenye nyumba aulizwe kwa chochote kinachobadilisha bei au sura.

Mfano unaojirudia kila mahali: duka limeishiwa nondo za milimita 12, zimebaki za 16. Fundi anasema, "Tuweke moja nene badala ya mbili nyembamba, si chuma ni chuma?" Hesabu inakataa. Nondo mbili za 12 zina eneo la chuma la milimita za mraba 226, moja ya 16 ina 201. Tena nafasi kati ya nondo na nondo imeongezeka maradufu, na nyufa hupenda nafasi kama hizo. Huenda injinia akaruhusu kubadilisha kwa mpangilio mwingine, lakini hesabu hiyo ni yake. Ili simu hiyo ipigwe, injinia naye asiwe mtu wa kufoka. Fundi aliyetukanwa Jumatatu kwa swali hatapiga simu Alhamisi.

Na mwenye nyumba, tafadhali: usimwambie fundi "sogeza tu hii nguzo kidogo, gari haliingii." Mpigie injinia. Nguzo iliyosogea chini isipokutana na ya juu, mzigo unapita mahali ambapo hakuna aliyepahesabia.

Hatua ya 3: Chimbeni mkiwa mnaongea

Arusha na Moshi ziko kwenye miteremko ya volkano, Meru na Kilimanjaro, na udongo wake hubadilika ndani ya hatua chache. Juu unaweza kukuta udongo mwekundu mzuri au jiwe, ukishuka kwenye tambarare ukakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Kwenye viwanja karibu na mito au makorongo, mara nyingi kuna kifusi kilichojazwa na mtu miaka mingi nyuma, juu yake nyasi zimeota kama hakuna kitu.

Ramani ikisema mita 1.2, hiyo ni kwa udongo ambao injinia aliukisia au kuupima. Wanaochimba ndio wanaouona. Wape vibarua maagizo mepesi: mkikuta rangi imebadilika ghafla, takataka, maji, au jembe linazama bila nguvu, simamisheni na muite fomani. Waulizeni pia wazee wa jirani kiwanja kilikuwa nini zamani. Majibu yao mara nyingine yanazidi shimo la majaribio moja.

Injinia aone chini ya mtaro kabla ya kitu chochote kuwekwa. Akishakubali, pigeni zege jembamba la milimita 50 siku hiyo hiyo, hasa kati ya Machi na Mei. Mtaro ulioachwa wazi usiku mmoja wa mvua ya masika hugeuka uji, na ule udongo alioukubali injinia jana haupo tena.

Hatua ya 4: Nondo, mahali pa kukaa muda mrefu

Kama kuna siku injinia anatakiwa kukaa saiti kutwa, ni siku ya kukagua nondo. Isiwe asubuhi ya zege, huku vibarua arobaini wamesimama na kokoto imeshapimwa. Ukaguzi ufanyike siku moja kabla, saa nne asubuhi, ili jioni ipatikane nafasi ya kurekebisha.

Anzeni na baraza la ghorofani, lile linalotokeza nje bila nguzo. Hapo ndipo kutoelewana kwa injinia na fundi huua watu. Slebu ya kawaida iliyoshikwa pande zote mbili inalegea katikati, na sehemu inayovutwa ni ya chini, kwa hiyo nondo kuu zinakaa chini. Baraza linalotokeza ni kinyume chake: ncha inataka kushuka, sehemu ya juu ndiyo inayovutwa, na nondo kuu lazima ziwe juu na ziingie ndani ya slebu ya nyumba kwa urefu aliotaja injinia. Fundi aliyezoea kuziweka chini atazilaza chini hapa pia, na jengo litakaa kimya mpaka mirunda itolewe.

Hata zikiwekwa juu, kazi haijaisha. Vijana wa toroli watazikanyaga. Nondo iliyotakiwa kuwa milimita 25 kutoka juu inajikuta katikati ya slebu, na hapo haina kazi yake tena. Dawa yake fundi nondo anaijua vizuri kuliko injinia: viti vya nondo vilivyokunjwa kwa vipande, vikae karibu karibu, na mbao za kupitia zilizoinuliwa ili mguu usiguse chuma. Mwacheni yeye apange. Injinia aseme nondo iwe wapi, fundi aseme itabakije hapo.

Kingine cha kutazama ni ringi za nguzo. Fundi anapenda kukunja ndoano kwa pembe mraba kwa sababu ni haraka. Injinia anataka ziingie ndani kabisa, nyuzi 135. Asiishie kusema "ramani inasema hivyo," aeleze sababu. Sisi tuko pembeni ya Bonde la Ufa. Julai 2007, kabla ya volkano ya Oldoinyo Lengai kulipuka, mfululizo wa matetemeko ulisikika hadi mjini, kubwa lake likiwa la kipimo cha 5.9. Nguzo ikitikiswa, zege la nje hubanduka kwanza. Ndoano ya pembe mraba hufunguka, ile iliyoingia ndani hushika. Fundi akielewa hilo hutahitaji kumsimamia.

Yaliyobaki yapitieni kwa haraka lakini myapitie: vibiskuti vya saruji (vipande vidogo vya kuinua nondo isiguse fomu) chini ya nondo, mapishano (pale nondo mbili zinapolaliana) yasiyopungua mara 40 ya unene wa nondo au zaidi kama ramani inavyotaka (kwa nondo ya 12, hiyo ni karibu sentimita 48), mapishano yasikutane yote mstari mmoja, fomu imezibwa, mirunda imesimama kwenye ubao na si juu ya udongo mbichi. Fundi bomba na fundi umeme waweke mapaipu yao sasa hivi. Baada ya hapo pigeni picha, futi kamba ikionekana kwenye picha.

Hatua ya 5: Siku ya zege

Maji ndiyo mgogoro. Injinia anasema zege liwe gumu kiasi, fundi anaongeza ndoo akipewa kisogo. Ni rahisi kumwita fundi mharibifu. Lakini mtazame: amepewa kokoto kubwa, nondo zimebanana, hakuna vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishuke na kushikana), zege linapandishwa kwa karai kwa ngazi, na watu wake wamekubaliana bei ya kazi nzima, si ya siku. Zege gumu halishuki kati ya nondo. Anaongeza maji kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee aliyoachiwa.

Basi mumpe njia nyingine. Kodisheni vaibreta, tena na ya akiba, maana ya kwanza huzima saa tano. Tumieni kokoto ndogo zaidi penye nondo nyingi. Ongezeni watu au winchi ya kupandishia. Halafu mkubaliane kiasi cha maji: kwa mfuko wa kilo 50, lita 25 ni uwiano wa nusu kati ya maji na saruji kwa uzito, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo yake, na mpunguze kama mchanga umelowa. Ukifika lita 35, nguvu ya zege inaweza kushuka kwa theluthi au zaidi, na hilo halionekani kwa macho. Linaonekana laini na zuri tu.

Vipimo vya mchanga na kokoto visiwe kwa chepe. Seremala atengeneze boksi la ndani lenye sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Hilo ni lita 35, karibu sawa na ujazo wa mfuko mmoja wa saruji. Mchanganyiko wa 1:2:4 unakuwa mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga, manne ya kokoto, na hakuna ubishi. Saruji ya zege la kubeba iwe ya daraja la nguvu la 42.5. Ile ya 32.5 ibaki kwa kujengea na lipu. Namba imeandikwa kwenye mfuko, na fomani ndiye aisome, si dereva wa lori.

Mchanga wenyewe upimeni siku ulipoletwa. Jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha itulie kwa muda wa masaa matatu. Tabaka la tope juu likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, mwiteni injinia kabla lori halijaondoka, maana likishaondoka mchanga ni wenu.

Wakati wa kumwaga, injinia apime ulaini kwa koni ya kimo cha milimita 300: inajazwa zege, inainuliwa, kisha inapimwa zege limeshuka kiasi gani. Kushuka kati ya milimita 50 na 100 kunatosha kwa slebu na bimu za kawaida penye vaibreta. Zijazwe pia sampuli za mchemraba wa milimita 150 za kuvunjwa maabara siku ya 7 na ya 28 ili kupima nguvu ya zege. Ulizieni maabara Chuo cha Ufundi Arusha au ofisi ya mkoa ya TANROADS, wakala wa barabara.

Na mkubaliane mapema mtasimama wapi mvua ikija au mashine ikifa. Kwenye slebu na bimu, kwa kawaida ni theluthi ya katikati ya nafasi kati ya nguzo na nguzo, kwa ukingo uliosimama wima uliozibwa kwa ubao, wala si popote pale karai la mwisho lilipoangukia. Injinia achore mstari huo kwa chaki kwenye fomu.

Hatua ya 6: Baada ya zege

Umwagiliaji unaachiwa mlinzi, na mlinzi anamwagilia akikumbuka. Mpeni mtu mmoja jukumu hilo kwa jina, mlipe, na funikeni slebu kwa magunia au naironi. Siku 7 ndicho kiwango cha chini. Moshi, kwenye joto lake, magunia hukauka mchana huo huo, kwa hiyo asubuhi na jioni hakutoshi.

Arusha ya Juni na Julai ina tatizo la upande wa pili. Baridi huchelewesha zege kukomaa, huku seremala anataka mirunda yake akaifanyie kazi kwingine. Hesabu ya siku isitoke kwake wala kwa mwenye nyumba. Itoke kwa injinia, akitazama majibu ya sampuli. Kwenye baraza linalotokeza, mirunda itolewe kuanzia ncha ya nje kuelekea ukutani. Kwenye slebu iliyoshikwa pande mbili, kuanzia katikati kuelekea pembeni. Ukigeuza mpangilio huo, unalilazimisha zege libebe kwa namna ambayo halikufungiwa nondo.

Hatua ya 7: Daftari, picha na malipo

Nunueni daftari gumu moja. Kila siku fomani aandike: nani walikuwepo, nini kimefanyika, mifuko mingapi ya saruji, hali ya hewa, na maagizo ya injinia. Agizo la simu lisilo kwenye daftari halipo. Kundi la WhatsApp linafaa kwa picha na maswali ya haraka, ila ujumbe huzama, kwa hiyo uamuzi wowote uhamishiwe kwenye daftari na injinia atie sahihi akija. Ramani ikibadilishwa, ya zamani iondoke saiti. Nimeona slebu ikifungwa kwa ramani iliyofutwa miezi miwili nyuma kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi, ile mpya ilimwagikiwa chai.

Malipo yafuate kufunika. Kwa kila hatua, sehemu ya hela ya mafundi itoke baada ya injinia kusaini kwamba kazi imekaguliwa kabla haijafunikwa, na itoke siku hiyo hiyo. Fundi anayelipwa kwa wakati baada ya ukaguzi atautafuta ukaguzi mwenyewe. Fundi anayecheleweshewa atakimbiza kazi ili afike kwenye malipo yanayofuata, na hapo hakuna daftari litakalosaidia. Injinia naye alipwe kwa safari anazokuja. Wengi hulipia mchoro tu kisha wakashangaa hawamwoni.

Mwishoni, daftari, picha na majibu ya sampuli vikabidhiwe kwa mwenye nyumba pamoja na ramani yenye alama za mabadiliko yote yaliyofanyika. Akitaka kuongeza ghorofa baada ya miaka kumi, injinia mwingine ataweza kumjibu kwa kusoma tu. Bila hivyo itabidi afukue msingi, atoboe nguzo na kuvunja kipande cha lipu ili ajue ndani kuna nini.